« Kuoza Kukavu »: somo la mbao kwa mtu wa lugha

Mwaka jana niliombwa kutafsiri karatasi ya kurasa 4 kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, kwa ajili ya mafundi wa mbao wa mtaa wetu wa Kadutu, hapa Bukavu. Karatasi ilieleza kwa nini mbao huoza na namna ya kuzilinda. Nilikuwa nimetoka kufaulu somo la tafsiri kwa alama za kujivunia, nikadhani ni kazi ya jioni mbili. Kwenye ukurasa wa pili nilikutana na maneno « pourriture sèche ». Sikusita. Niliandika « kuoza kukavu », nikaendelea. Karatasi ikapigwa kopi, ikagawiwa.

Baada ya wiki 3 hivi, muzee mmoja ambaye ametengeneza milango mingi ya mtaa wetu aliniita kwenye atelye yake. Karatasi ilikuwa imekunjwa mfukoni mwake. Akaniuliza: « Mutoto, mulisema ubao ikikauka inaoza. Sasa mimi niko naanikaka mbao juu ya nini? »

Nilianza kumjibu kwa Kifaransa, jambo ambalo mtu wa lugha hulifanya akibanwa. Kisha nikanyamaza, maana sikuwa na jibu. Mbaya zaidi, fundi mwingine, kijana, alikuwa tayari amebadili desturi yake: badala ya kupanga mbao kwa nafasi ili hewa ipite, alizilundika mbichi chini ya hema la plastiki, akiogopa huo « ukavu » wangu. Alipozifunua zilikuwa na madoa na utando mweupe. Hasara ile ilitoka kwenye kalamu yangu. Sikulipa hata franka moja, lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma vitabu vya watu wa misitu, nikikaa kwa muzee siku za Jumamosi, na kupima vipande vya mbao kwenye mizani ya muuza unga. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla ya kutafsiri mstari wa kwanza.

Nani anakula ubao

Nianze na neno jingine lililonisumbua. Kifaransa kina neno moja, « champignon », kwa kile kinachopikwa sufuriani, kile kinachowasha katikati ya vidole vya miguu, na kile kinachoozesha nguzo. Kiswahili kinagawa: tuna uyoga, kuvu, ukungu, koga. Nami nilichagua « uyoga » kila mahali, mafundi wakacheka, kwa sababu uyoga ni wa kula. Walikuwa na haki ya kucheka, ingawa kibiolojia sikuwa mbali sana na ukweli. Uyoga ni tunda, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Mwembe wenyewe, katika habari hii, ni nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazotambaa ndani ya ubao ambako jicho halifiki. Ukiona uyoga umechomoza kwenye boriti, basi kazi ilianza zamani. Sasa naandika « kuvu » kwa kiumbe chote, na « uyoga » kwa tunda lake tu. « Ukungu » nimeuachia ziwa Kivu asubuhi, kwa sababu fundi akisoma « ukungu kwenye paa » hawezi kujua kama ni maradhi ya mbao au hali ya hewa.

Kuvu haina kinywa wala tumbo. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vikauyeyusha ubao pale pale, halafu nyuzi zikanyonya kilichoyeyuka. Kwa hiyo maji si anasa kwake: bila maji vimeng'enya havisafiri, na chakula hakirudi.

Ili kuelewa anachokula, fikiria nguzo ya zege. Ndani kuna vyuma, na kuna sementi inayovishika. Katika ukuta wa chembe ya mti, selulosi ndiyo vyuma: minyororo mirefu inayobeba mzigo, karibu asilimia 40 hadi 50 ya ubao mkavu. Lignini ndiyo sementi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, na hemiselulosi iko katikati ikiviunganisha. Kuvu hazili vitu hivi kwa namna moja, na hapa ndipo jicho la fundi linaweza kusoma kilichotokea.

Ziko zinazokula vyuma na kuacha sementi. Ubao hugeuka rangi ya kahawia iliyoiva, hupasuka vipande vya mraba kama udongo wa dimbwi lililokauka, na ukiusugua kwa vidole unakuwa unga. Huu ndio uozo wa kahawia, na ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu ubao hupoteza nguvu mapema sana, kabla ya kupoteza uzito wa kuonekana. Boriti inaweza kuwa nzito mkononi na huku ndani haibebi kitu. Kuvu hizi zina ujanja: vimeng'enya ni vikubwa mno kuweza kupenya ukuta wa chembe ulio mzima, kwa hiyo hutumia chuma kidogo kilichomo kwenye mazingira pamoja na peroksidi ya hidrojeni, vikazaa chembechembe kali sana, ndogo sana, zinazoingia na kukatakata selulosi kutoka ndani.

Nyingine hula na sementi pia. Uozo mweupe, tunaweza kuuita: ubao hubaki rangi ya kufifia, laini, wenye nyuzinyuzi kama sifongo iliyochakaa. Hupenda hasa miti ya majani mapana, na mikaratusi ya vilima vyetu imo. Uyoga wa Pleurotus ambao watu hupanda kwenye mifuko ya maranda na mabua ni wa tabia hii hii; yaani kile tunachokiita ugonjwa kwenye nguzo, kwenye mfuko tunakiita kilimo. Kuna na namna ya tatu, uozo laini, unaoshambulia mbao zilizolowa siku zote au kukaa ndani ya udongo: uso wake unalainika, ukucha unaingia.

Na mchwa? Muzee aliniuliza, nami nikafurahi kuwa safari hii nilikuwa na jibu. Wengi wa mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hulima kuvu ndani ya kiota, jamii iitwayo Termitomyces. Huleta ubao uliotafunwa, kuvu humalizia kazi ya kuusaga, mchwa wanakula. Tunda la shamba hilo ndilo uyoga ule mtamu unaotokea juu ya vichuguu mvua zikianza. Mama anayeuza uyoga huo sokoni, basi, anauza mazao ya mchwa.

Maji kwanza

Sasa nirudi kwenye « ukavu ». Kuvu inayooza ubao inataka vitu 4: chakula, hewa, joto la wastani, na maji. Chakula ni ubao wenyewe. Joto la Bukavu linaitosha. Hewa iko. Kilichobaki mkononi mwetu ni maji, na hesabu yake ni rahisi kuliko nilivyofikiri.

Kata kipande kidogo, kipime. Kikaushe kabisa kwenye joto la nyuzi 103, au, kama tulivyofanya sisi, kwenye tanuru la mkate baada ya mkate kutoka na joto kushuka, ukikipima tena na tena mpaka uzito uache kupungua. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawa kwa uzito mkavu, zidisha mara 100. Kipande chetu cha mkaratusi, kutoka kwenye ubao ulioletwa mwanzoni mwa Juni, kilikuwa gramu 260. Mkavu, gramu 200. Maji yalikuwa asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu. Hapo ndipo karibu na kiwango ambacho kuta za chembe zimeshiba, na kuvu inajisikia nyumbani. Tulipanga mbao za mzigo ule kwa vijiti katikati, chini ya bati, pande zote wazi. Katikati ya Agosti tukakata kipande kingine: gramu 177, kikakauka hadi 150. Asilimia 18. Vitabu vinashauri kubaki chini ya 20, na muzee, ambaye hakuwahi kupima, alikuwa ameshasema siku mbili kabla kwamba mbao « zimeisha kuwa tayari », kwa kuzigonga tu na kifundo cha kidole.

Ubao uliobaki mkavu unaishi miaka elfu na elfu. Makaburi ya Misri ya kale yametoa vitanda na masanduku ya mbao ambayo bado yanasimama. Lakini ubao uliozama kabisa nao hauliwi na kuvu hizi, kwa kukosa hewa: Venice imesimama karne nyingi juu ya magogo yaliyopigwa ndani ya matope chini ya maji. Hatari iko katikati, mahali ambapo maji na hewa vinakutana. Ndiyo sababu nguzo iliyochimbiwa haiozi kwanza kwenye ncha yake ya chini kabisa wala kichwani; inaoza usawa wa ardhi, kimo cha kifundo cha mguu.

Jambo hili nalijua kwa mguu wangu mwenyewe. Aprili iliyopita, usiku wa mvua kubwa, nguzo ya pembe ya nyumba ya shangazi yangu ilikatika pale pale, usawa wa ardhi. Ni nyumba ya mbao kwenye mteremko, kama maelfu ya nyumba za Kadutu. Ukuta ulishuka kama shibiri mbili, na kitanda cha watoto kilikuwa upande ule. Hakuna aliyeumia. Asubuhi niliinama nikauchukua ubao mkononi: kahawia, vipande vya mraba, unga. Juu ya unga ule kulikuwa na ganda jeusi linalong'aa, na ganda lile ni mimi niliyelipaka.

Vidanji

Mwaka mmoja kabla, nilinunua dumu la mafuta machafu ya gari, yale mafundi wanayoita vidanji, nikapaka nyumba nzima ya shangazi toka chini hadi kiunoni. Kila mtu hufanya hivyo. Ni rahisi, inanuka kama dawa, na weusi wake unaonekana kama ulinzi. Nguzo ilikuwa bado na unyevu nilipoipaka, na mafuta hayaingii kwenye ubao wenye maji, yanabaki juu. Kuvu iliyokuwa ndani tayari iliendelea na kazi yake, nami nikawa nimeifunikia.

Hilo ni upande wa ubao. Upande wa watu: mafuta ya injini yaliyotumika hubeba metali zilizosagika kutoka kwenye mashine na kemikali za mwako ambazo baadhi yake husababisha kansa. Watoto wa shangazi hucheza wameegemea ukuta ule. Mvua ikipiga, maji yanashuka mteremko kuelekea bustani ya jirani ya lengalenga. Na katika mtaa ambako nyumba za mbao zinashikana bega kwa bega na moto ukiwaka unavuka avenyu, sipendi tena kupaka ukuta kitu kinachoupenda moto.

Dawa za viwandani nazo zina historia ya namna hii. Kreosoti, inayotokana na lami ya makaa ya mawe, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1838 kwa jina la John Bethell, na ilibeba reli za dunia nzima. Leo tunajua ina zile zile kemikali za kansa. Mwaka 1933, nchini India, Sonti Kamesam alibuni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Ulifanya kazi vizuri ajabu, nguzo za umeme za rangi ya kijani zilikuja kutokana nao. Mwishoni mwa 2003 viwanda vya Marekani viliacha kuutumia kwa mbao za nyumba za kawaida, kwa sababu ya aseniki. Pentaklorofenoli iliingizwa mwaka 2015 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopaswa kuondolewa. Kwa msomaji wa kwetu lililo muhimu hapa ni moja: kipande cha nguzo ya zamani yenye rangi ya kijani kisipikiwe maharage. Ukikichoma, aseniki inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi. Karatasi ya Kifaransa haikusema neno juu ya kuni, pengine kwa sababu aliyeiandika hapiki kwa kuni.

Yaliyo salama zaidi

Nasema « salama zaidi » na si « salama ». Tofauti hii ndogo ya lugha mafundi waliipokea vizuri kuliko nilivyotazamia.

Ulinzi wa kwanza hauna dawa hata kidogo. Nguzo isichimbiwe, ikae juu ya jiwe au kisiki cha zege, kimo cha sentimita 30 hivi kutoka ardhini, maana matone ya mvua yakigonga udongo huruka na kulowesha ubao wa chini. Paa litoke nje ya ukuta. Ncha za mbao, pale zilipokatwa na msumeno, zinywe maji kidogo iwezekanavyo, kwa sababu maji huingia haraka zaidi kupitia ncha kuliko kupitia ubavuni: zipakwe rangi, zifunikwe, zisielekezwe juu. Ukuta upumue. Nyumba ya shangazi sasa iko hivyo, nguzo 6 juu ya mawe yaliyosawazishwa na sementi, na fedha iliyotumika haikuwa mbali sana na ile ningeitumia kwa vidanji kila mwaka kwa miaka michache.

Ulinzi wa pili ni kuchagua ubao, na hapa lugha ilinipa kazi tena. Mti una sehemu ya ndani, nyeusinyeusi, iliyokufa na kujaa kemikali zake za kujilinda, na sehemu ya nje, nyeupe, iliyokuwa ikipitisha maji. Sehemu ya nje haidumu, hata kwa mti wenye sifa kubwa kama mvule. Kifaransa kinaiita « aubier ». Kamusi nilizoshika hazikunisaidia. Muzee yeye hakuona tatizo: « Ile ya inje ni nyama, ile ya ndani ni mufupa. » Nimeandika hivyo. Mvule na afromosia, mufupa wake, hudumu sana. Lakini afromosia imo tangu 1992 kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na sidhani ni busara kumwambia kila mwenye kibanda cha mita 4 anunue mti wa msitu wa miaka mia. Mkaratusi uliokaushwa vizuri na kuwekwa juu ya jiwe unatosha.

Dawa zenye madhara madogo ziko. Chumvi za boroni, yaani boraksi na asidi boriki, huua kuvu na wadudu, na sumu yake kwa mtu ni ndogo ukilinganisha na aseniki. Zina tabia nzuri: zikipakwa kwenye ubao wenye unyevu, husambaa zenyewe hadi ndani, kinyume kabisa na vidanji. Zina kasoro pia: mvua huziosha, hivyo ni za boriti na kuta zilizo chini ya paa, si za nguzo ya uani. Tena si za kuachwa karibu na chumvi ya kupikia, kwani kwa wingi zinaweza kudhuru uwezo wa kuzaa. Nguzo ya nje ina dawa za shaba zisizo na aseniki wala kromi. Shaba ikifika mtoni huumiza samaki, na baadhi ya kuvu za uozo wa kahawia huvumilia shaba kwa kuifunga na asidi ya oksaliki.

Huko mbali wanapika ubao kwa nyuzi 160 hadi zaidi ya 200 bila hewa ya kutosha kuwaka, kama Wafini, au wanaubadili kikemia kwa anhidridi ya asetiki ili usinywe maji tena. Ni njia nzuri, na bei yake haifiki kwetu. Kuchoma uso wa ubao kwa moto, kama Wajapani wanavyofanya kwenye mbao za ukuta, kunasaidia kiasi ukutani. Kwa mguu wa nguzo ndani ya udongo sikuutegemea, kwa sababu makaa hupata nyufa na kuvu hupita humo. Muzee hakubaliani nami juu ya hili. Baba yake alichoma nguzo zake zote, na anadai zingine bado zimesimama. Nimemwomba anionyeshe moja; tumepanga kwenda kijijini kwao mvua zikikatika.

Neno

Na « pourriture sèche » ni nini hatimaye? Ni jina la kazi ya kuvu moja hasa, Serpula lacrymans, ya uozo wa kahawia, inayojulikana zaidi katika nyumba za Ulaya zenye ubaridi. Waliiita kavu kwa sababu ubao unaobaki ni mkavu na unavunjikavunjika. Lakini kuvu yenyewe inahitaji unyevu ili kuanza, kisha hujenga kamba nene za nyuzi na kuleta maji kutoka mbali, ikipita hata juu ya matofali. Jina lake la pili kwa Kilatini maana yake ni « yenye kutoa machozi », kwa matone ya maji inayoyatoa. Wazungu wenyewe, basi, waliipa jina la ukavu kwa Kifaransa na jina la machozi kwa Kilatini, na mimi nikabeba lile baya zaidi, pamoja na nyumba nzima ya Ulaya iliyokuwa imejificha nyuma yake, nikaishusha Kadutu.

Katika toleo la pili la karatasi nimefuta aya ile yote. Mahali pake nimeandika: « Ubao unaoza kwa maji hata kama ukiuona umekauka. Uozo wa kahawia unaacha unga mkavu. Huo unga ni mabaki, si chanzo. Tafuta maji yanaingilia wapi. » Muzee aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Akasema sentensi ya mwisho ingetosha, lakini niachie na zile mbili kwa ajili ya vijana. Kisha akataka kopi 10.